Mji Mkongwe kwa Kikundi: Muziki, Matembezi na Mlo (Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara)

Ukurasa huu ni wa vikundi vinavyokuja Unguja mjini kwa ajili ya muziki: kwaya, bendi za mtaani, wana kikoba waliochanga mwaka mzima, marafiki waliosoma pamoja. Majibu yamepangwa kuanzia ya msingi hadi yale ya hali za pekee.

## Kabla ya safari

Kwa nini Mji Mkongwe, wakati muziki uko kila mahali?

Kwa sababu hapa muziki una makazi na una kumbukumbu. Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alimtuma Mohamed Ibrahim kwenda Misri kujifunza ganuni, ala ya nyuzi, ili aje apige kasrini. Mwaka 1905 kikaanzishwa Ikhwani Safaa, kikundi cha taarab ambacho kipo hadi leo. Culture Musical Club kikafuata mwaka 1958. Katikati ya hapo akapita Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba aliyeuza vyungu kabla hajauza sauti. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri, na baada yake taarab haikuwa tena ya kasri wala ya Kiarabu peke yake. Iliingia Kiswahili na ikaingia Ng'ambo, mitaa iliyo nje ya Mji Mkongwe, kwa watu wa kawaida.

Mtu aliyekuja na masikio yaliyo wazi anaweza kuifuata hadithi yote hiyo kwa miguu, maana mji wenyewe ni mdogo. UNESCO iliuingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2000.

Siku ngapi zinatosha?

Usiku tatu. Mbili hutosha kwa anayependa majengo tu, lakini muziki wa hapa hauchezwi kila siku, na usiku wa tatu ndio unaokuokoa pale onyesho la Ijumaa linapohamishiwa Jumamosi.

Kosa ambalo vikundi hurudia ni kupanga mchana kwanza: viungo, kobe, fukwe, halafu muziki unapachikwa penye nafasi. Geuzeni. Tafuteni kwanza usiku upi una muziki, wekeni mlo wa usiku huo mahali pa karibu, kisha mchana mtaupanga wenyewe bila tabu.

Tuje mwezi gani?

Februari kama mnataka tamasha la Sauti za Busara (lina swali lake chini). Juni hadi Agosti kuna upepo mzuri na joto la kuvumilika, na ndicho kipindi cha tamasha la filamu la ZIFF, ambalo nalo halikosi muziki. Masika, Machi mwishoni hadi Mei, bei za vyumba hushuka na mji huwa wa wenyewe, ila vichochoro hujaa maji. Kuhusu Ramadhani, tazama sehemu ya mwisho.

Boti au ndege?

Boti, kwa anayetoka Dar es Salaam. Ni takriban saa mbili, na kikundi kikikata tiketi pamoja mapema kinaweza kukaa pamoja. Kila mtu awe na kitambulisho mkononi, si ndani ya begi lililowekwa kwenye mizigo. Wenye tumbo jepesi wakae chini na nyuma, si juu mbele wanakokimbilia kupiga picha.

Wasio Watanzania wakumbuke bima ya lazima ya wageni iliyoanza Oktoba 2024. Mgeni mtu mzima hulipa dola 44 za Marekani, nayo hununuliwa mtandaoni kabla ya kufika. Mkiwa na wenzenu kutoka Mombasa, Kampala au Bujumbura, waangalie masharti ya uraia wao kabla ya siku ya safari, maana foleni ya bandarini si mahali pa kuanza kujaza fomu.

## Muziki wenyewe

Tukifika tu, tunaweza kusikia taarab usiku huohuo?

Huenda, lakini msitegemee. Taarab asilia inasikika kwenye maonyesho yanayotangazwa, kwenye sikukuu, kwenye harusi, na kwenye baadhi ya hoteli na migahawa inayoalika wapigaji siku maalumu za wiki. Piga simu au uliza mapokezi siku mbili kabla.

Njia ambayo wageni wengi hawaijui ni mazoezi. Klabu ya Culture iko Vuga, na vikundi vya namna hii hukutana jioni kujinoa. Mazoezi yana kitu ambacho jukwaa halina: unamsikia mpiga fidla akirudia kipande kimoja mara nne, mwimbaji akisahau beti na kucheka, mzee wa akodiani akimsahihisha kijana bila kusema neno. Mtu mmoja wenu aende mchana kuomba ruhusa kwa niaba ya wote. Msiende ishirini mlangoni. Mkikaribishwa, kaeni kimya, na mkiondoka acheni chochote kwa mfuko wa klabu.

Taarab asilia, kidumbaki na rusha roho vina tofauti gani?

Taarab asilia ni ya kukaa na kusikiliza. Kuna ganuni, udi, fidla, nai, akodiani, dumbak na rika, kuna waitikiaji, na wimbo mmoja unaweza kuchukua dakika kumi na zaidi bila mtu kuona umerefuka.

Kidumbaki ni ndugu yake wa mtaani: fidla moja inayokimbia, sanduku la besi lenye kamba moja, vigoma viwili vidogo, na mwimbaji anayeunganisha nyimbo bila kupumua. Hapo hakuna kukaa. Kama kikundi chenu kina watu wasioweza kutulia kitini, ulizieni kidumbaki kwanza.

Rusha roho ni taarab ya kisasa, ya kinanda na gitaa la umeme, mipasho na kiuno. Hufanyika kwenye kumbi kubwa, mara nyingi nje ya Mji Mkongwe, na huanza usiku sana. Kundi la East African Melody ndilo lililoipa jina kubwa. Wapo wanaoibeza, lakini ukumbi ukijaa kina mama waliovaa sare na kila mmoja anajua wimbo unamlenga nani, huo nao ni ufundi.

Tukiwa ukumbini, adabu ni ipi? Na hili la kutunza?

Kutunza ni kumpelekea mwimbaji fedha wakati anaimba. Unainuka, unatembea polepole kwa mwendo wa muziki, unampa mkononi au unaweka mbele yake, unarudi. Hakuna anayelazimishwa. Fahamuni tu kwamba kuinuka katika beti fulani kunasomwa na ukumbi mzima: maneno yakiwa ya kumsema mtu, wewe uliyeinuka umesema. Mgeni ainuke kwenye wimbo wa mapenzi au wa kusifu na atakuwa salama.

Njooni na noti ndogondogo. Vaeni nguo za mtoko, maana kaptura na ndala kwenye taarab ni dharau hata kama hakuna atakayekuambia. Kurekodi wimbo mzima kwa simu iliyoinuliwa kunawaziba walio nyuma, na hilo watakuambia.

Chuo cha muziki kinapokea wageni?

Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kinachojulikana zaidi kwa kifupi cha Kiingereza DCMA (Dhow Countries Music Academy), kilianzishwa mwaka 2002 na kinafundisha taarab, kidumbaki, ngoma na muziki wa kisasa. Kimewahi kupita vipindi vigumu vya fedha, kwa hiyo ada ya mgeni hapo si hasara. Kikundi kinaweza kuomba darasa fupi la midundo au la udi. Waandikieni wiki kadhaa kabla, mtaje idadi yenu na kama mna wapigaji ala miongoni mwenu.

Wahitimu wake wamesambaa. Siti & the Band, kwa mfano, ilitokana na vijana waliopita hapo.

Kwaya yetu inaweza kuimba pamoja na wenyeji?

Inaweza, mkiomba mapema na mkija na unyenyekevu. Njia rahisi ni chuo (jibu lililotangulia). Kwa kwaya za kanisa, misa ya Jumapili katika Kanisa la Mtakatifu Yosefu, lile Minara Miwili, ni mahali pa kukutana na waimbaji wa mji. Ongeeni na mwalimu wa kwaya yao wiki moja kabla, si asubuhi ileile.

Muimbe nini? Kitu chenu. Kikundi kutoka Moshi au Kisumu kinachokuja kuwaimbia Wazanzibari taarab ya kuiga kinapoteza nafasi yake.

Sauti za Busara inafaa kikundi?

Inafaa sana, na bajeti yake pia, kwa kuwa Watanzania wana bei yao ya tiketi, chini kabisa ya ile ya wageni wa nje. Tamasha hili limekuwapo tangu 2004, hufanyika Februari, na kwa miaka mingi jukwaa lake kuu limekuwa ndani ya Ngome Kongwe. Angalieni tangazo la mwaka husika kuhusu siku na viwanja. Ubaya ni vyumba: vinajaa mapema na bei inapanda. Vikundi vyenye akili hulala Ng'ambo au Mbweni na kuingia mjini kwa daladala au gari la kukodi.

## Matembezi ya mchana

Tupe njia ya nusu siku ambayo haitatuchosha.

Anzeni saa mbili asubuhi Darajani, kwenye soko lililojengwa 1904, wakati samaki bado wanang'aa na mnada unaendelea. Toka hapo ingieni Mkunazini, kwenye Kanisa la Anglikana lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa, soko lililofungwa mwaka 1873. Kuna maonyesho, kuna vyumba vya chini, na kuna sanamu za watu waliofungwa minyororo zilizochongwa na Clara Sörnäs. Hapo msiharakishe, na msipige picha za kucheka.

Kisha pitieni Hamamni, kwenye bafu za umma za zama za Barghash, mfuate vichochoro hadi Jaws Corner. Hapo kuna baraza, kahawa chungu, dhumna na siasa. Msivamie wote kwa pamoja. Gawanyikeni watanowatano, mmoja anunue kahawa, mwingine asikilize mzozo. Malizieni Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waarabu wa Oman baada ya kuwaondoa Wareno mwaka 1698, na mkae kwenye ngazi za ukumbi wake wa wazi. Wengi watajua hapo ndipo walipowaona wasanii wanaowapenda kwenye video.

Saa sita mmemaliza. Jua la Unguja baada ya hapo ni la kulala.

Nyumba ya Freddie Mercury ni ipi hasa?

Alizaliwa hapa tarehe 5 Septemba 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, katika familia ya Kiparsi, akapelekwa shule India, na familia ikahamia Uingereza mwaka 1964. Zaidi ya mlango mmoja mjini umewahi kudai kuwa ndiyo nyumba. Nendeni kwenye jumba la makumbusho lake, Shangani, lililofunguliwa mwaka 2019. Ni dogo, kwa hiyo kikundi kikubwa kiingie kwa zamu.

Beit al-Ajaib (Jumba la Maajabu) linaingilika?

Jengo hilo la mwaka 1883 liliporomoka sehemu yake Desemba 2020 wakati likikarabatiwa. Litazameni kwa nje mkiwa Forodhani, na muulize mwongozaji hali ilivyo siku hiyo.

Tunahitaji mwongozaji?

Kwa siku ya kwanza, ndiyo, na awe mwenye kitambulisho cha kazi. Wale wanaowafuata wageni kutoka bandarini wakijinadi, ambao mji unawaita mapapasi, si wote wabaya, lakini bei yao inabadilika kati ya kichochoro na kichochoro. Mwambieni mwongozaji tangu mwanzo kwamba mmekuja kwa ajili ya muziki. Aliye mzuri atabadilisha njia yote: atawaonyesha klabu, nyumba za waimbaji wa zamani, mafundi wa ala. Asiyeelewa atawapeleka kwenye maduka ya tinga tinga.

Na mashamba ya viungo?

Nendeni Kizimbani au Kidichi asubuhi ya siku ya pili, mrudi kula mchana mjini. Inatosha.

## Kula

Tuko ishirini. Tunakula wapi bila kusubiri saa mbili?

Kanuni ya vikundi: mchana kuleni mahali ambapo chakula kimeshapikwa na kinaonekana, usiku kuleni mahali mlipoagiza mapema. Lukmaan, Mkunazini, ni wa namna ya kwanza. Unapita mbele ya sufuria, unaonyesha: wali wa nazi, pweza wa nazi, maharage, pilau, samaki wa kupaka. Kila mtu anachagua chake, hakuna mjadala wa menyu. Fikeni kabla ya saa saba. Passing Show, upande wa Malindi, nayo ina biriani na pilau za kushiba na wateja wake wengi ni watu wa kazini, jambo ambalo kwangu ni sifa kuliko nyota yoyote.

Mtunza hazina wa kikundi akusanye fedha za mlo kabla ya kukaa mezani. Kugawa bili moja kwa watu ishirini kumevunja urafiki mwingi kuliko siasa.

Forodhani usiku ni ya kweli au ni ya watalii?

Ni vyote viwili. Jioni wenyeji huja na watoto wao kupunga upepo, vijana wanaruka baharini, na mbele yao meza zimepangwa mishkaki, ngisi, kaa, pweza, juisi ya miwa na ile piza ya Zanzibar, ambayo kwa kweli ni chapati laini iliyokunjiwa nyama ya kusaga, yai na kitunguu kisha ikakaangwa.

Kuleni piza na juisi ya miwa bila wasiwasi. Vya baharini viulizwe bei kabla havijawekwa jikoni, kimoja kimoja, na muwahi baada tu ya magharibi. Samaki aliyelala mezani tangu jana hujulikana kwa harufu, na jiko la mkaa haliifichi.

Urojo mzuri uko wapi?

Mitaani, alasiri, kwa mama au kijana mwenye sufuria moja na foleni. Urojo ni chakula cha saa kumi. Ule wa Forodhani usiku unalika, lakini siuiti urojo. Bakuli la haki lina mchuzi wa manjano mwepesi wenye uchachu wa embe au ukwaju, kisha bajia, kachori, viazi, kipande cha mshikaki, chatne ya nazi, pilipili, na chipsi za muhogo zilizovunjwa juu mwishoni ili zisilowe. Mwenyeji wenu wa nyumba ya kulala anajua foleni iliyo karibu. Muulize anakonunua yeye, si anakowapeleka wageni.

Tunataka usiku mmoja wa kifahari, juu ya paa, na muziki.

Hoteli ya Emerson on Hurumzi ndiyo jibu la kawaida, na ni la haki. Nyumba yenyewe ilikuwa ya tajiri Tharia Topan. Paani mnavua viatu, mnakaa chini kwenye mito, adhana ya magharibi inatoka pande zote, kisha mlo unaletwa kwa awamu. Siku fulani za wiki huwa na wapigaji wa taarab. Ulizeni siku hizo wakati wa kuweka nafasi, na wekeni mapema kwa kuwa viti ni vichache na bei ni ya sherehe. Kikundi kikubwa kinaweza kulazimika kugawanyika usiku mbili. Ngazi ni kali. Tazama swali la wazee.

Kuna wenzetu hawali nyama.

Hawatapata shida: maharage ya nazi, mchicha, bamia, mkate wa kumimina, chapati, urojo usio na mshikaki, na migahawa ya Kihindi. Waseme wazi pia kwamba supu ya nyama isitumike, kwa sababu kwa wapishi wengi mchuzi hauhesabiwi kuwa nyama.

Na bia?

Ipo kwenye hoteli na baa zenye leseni. Haitembezwi mitaani, na haipelekwi Forodhani ndani ya mfuko.

## Hali za pekee

Safari yetu imeangukia Ramadhani. Tuahirishe?

Kama lengo ni taarab, ahirisheni. Mwezi huo hailiwi mchana hadharani na muziki hunyamaza. Ila mkija siku za mwisho na mkavuka hadi Idi, mtapata jambo ambalo wageni wachache wameliona: futari na tambi, kaimati na uji wa pilipili manga, daku inayoamshwa kwa ngoma mitaani, kisha Idi yenyewe, watoto wamejaa Mnazi Mmoja na nguo mpya na vikundi vya taarab vinarudi jukwaani. Vyumba wekeni mapema.

Tuna wazee wenye magoti mabovu.

Nyumba nyingi za Mji Mkongwe zina ngazi ndefu zenye vipandio virefu, na lifti ni nadra. Ombeni vyumba vya chini kwa maandishi. Chagueni nyumba ya kulala iliyo karibu na barabara ya gari, Shangani, Malindi au ukingo wa Mkunazini, wasije wakatembezwa usiku kwa tochi ya simu. Badala ya mlo wa paani, watafutieni meza ya chini ufukweni.

Tumealikwa harusi na mwenyeji. Twende wote?

Waende waliotajwa. Shughuli nyingi za harusi ni za wanawake peke yao, na unyago haumhusu mwanamume kabisa. Kina mama wa kikundi wakienda, simu zibaki mkobani: wenyeji wamevua baibui wakiamini hakuna picha itakayotoka humo.

Tunaweza kuona Maulidi ya Homu?

Mkibahatika. Wanaume hukaa au kupiga magoti kwa mstari, wanayumba pamoja kwa dufu na kasida, mwendo ukianza kama upepo mdogo wa baharini na kuongezeka hadi huamini ni miili ya watu. Kikundi cha Mtendeni kinafahamika kwa hili na kimewahi kualikwa kwenye majukwaa ya matamasha. Ikiwa ni shughuli ya dini hasa, siyo onyesho, vaeni kwa stara, kaeni mnapoelekezwa, na msipige makofi.

Nusu ya kikundi haipendi taarab. Tufanyeje?

Wagawanyike usiku mmoja. Wasiopenda waende kusikia vijana wa mji, maana Zenji Fleva, muziki wa kizazi kipya wa Zanzibar, ina hadhira yake, au kidumbaki kilichoelezwa juu. Kisha wakutane wote Forodhani saa nne usiku, kwenye piza. Mara nyingi waliokwenda taarab ndio wanaochelewa.